SOMO LA MWEZI: SHAMBA LA UMEME WA JUA KIJIJINI, TUKUBALI AU TUKATAE?



Tumezoea mashamba ya mtama, pamba na alizeti. Sasa limekuja shamba la namna nyingine. Mahali pa mazao zimepangwa paneli, safu baada ya safu, zinazopokea mwanga wa jua na kuugeuza kuwa umeme. Kule Garissa, nchini Kenya, shamba la namna hii lilizinduliwa mwaka 2019. Lina uwezo wa megawati 50, nalo limechukua hekta 85. Hapa Tanzania, mkataba wa kujenga shamba kama hilo wilayani Kishapu, Mkoa wa Shinyanga, ulitiwa saini mwaka 2023: megawati 50 kwanza, na 100 baadaye. Mengine yatafuata. Yafaa tujiandae kabla mgeni mwenye ramani hajasimama mbele ya mkutano wetu.

1. Ni nani anayeamua?

Wengi wetu hudhani kwamba mambo makubwa kama haya huamuliwa mjini, na kazi yetu ni kupiga makofi. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa uwekezaji wenye manufaa kwa taifa, sharti kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua, baada ya kuyatazama mapendekezo ya kijiji.

Hebu tupige hesabu. Kwa kipimo cha Garissa, megawati 50 zinahitaji kama hekta 85. Hapo uamuzi ni wetu. Megawati 150 zinahitaji kama hekta 255. Hapo uamuzi umekwisha kututoka. Basi swali la kwanza la kumwuliza mgeni ni hili: Je, hili ndilo eneo lote mnalolitaka, au ni awamu ya kwanza tu?

Tukumbuke pia kwamba mkutano mkuu ni wa watu wazima wote wa kijiji, wanaume kwa wanawake. Sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mama asiyehudhuria kwa kuwa yuko kisimani, uamuzi utamfuata hukohuko kisimani.

2. Faida zake

Hatupendi kusema kwamba mradi wa namna hii ni mbaya. Nchi inahitaji umeme. Mabwawa yetu hupungua maji miaka ya ukame, na jua ndilo linalowaka sana miaka hiyohiyo. Paneli zikizalisha mchana, maji yanaweza kutunzwa bwawani kwa ajili ya usiku. Hazitoi moshi wala kelele nyingi. Wakati wa ujenzi vijana hupata vibarua.

Lakini tusidanganyane. Ujenzi ukiisha, wanaobaki kazini ni wachache: walinzi, mafundi, wasafishaji wa paneli. Tena umeme wenyewe huingia katika gridi ya taifa na kwenda mbali. Nyaya zaweza kupita juu ya paa zetu na sisi tukaendelea kuwasha kibatari. Kama tunataka umeme zahanati, shuleni na kwenye mashine ya kusaga, hatuna budi kuutaja kabla ya kukubali, na uandikwe.

3. Je, ardhi hiyo ni tupu kweli?

Mgeni akitazama pori la kiangazi huona ardhi isiyo na kazi. Wenyeji wa Shinyanga wanajua zaidi. Wasukuma wana desturi ya ngitili: hutenga eneo wakati wa mvua ili majani yakue, kisha mifugo hulishwa humo majani yakiisha kwingine. Katika mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ngitili nyingi zilifufuliwa katika nchi iliyokuwa imegeuka jangwa. Humo watu hupata kuni, dawa, asali na nyasi za kuezekea.

Paneli nazo hupenda mahali pa wazi, tambarare, pasipo na nyumba. Ndipo hapo ng'ombe hula mwezi wa Septemba. Aliye na shamba lenye mipaka atajulikana na kulipwa. Je, mjane anayeokota kuni porini ataandikwa katika daftari lipi? Kabla ya kupiga kura, wazee, wafugaji na akina mama na walizunguke eneo hilo kwa miguu, wakitaja kila kinachopatikana humo na anayekitumia.

4. Fidia na mwisho wa mradi

Sheria yasema kwamba ardhi isihamishwe mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna na wakati wa kulipwa vimekubaliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ahadi ya mdomo, hata ikitolewa na mtu mpole wa namna gani, isihesabiwe.

Jambo kubwa ni hili: fedha ya fidia huisha, na ardhi iliyokwisha hamishwa mkutano wetu hauwezi kuirudisha kwa kura nyingine. Paneli hudumu kama miaka 25 hadi 30. Mtoto anayenyonya leo ndiye atakayekuta vioo na vyuma vilivyochakaa. Ni nani atakayeviondoa?

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Tusikatae kwa hofu ya kitu kigeni, wala tusikubali siku ileile tunapokisikia. Tuombe ramani na taarifa ya athari kwa mazingira, zisomwe kwa Kiswahili, tukae nazo, kisha turudi mkutanoni. Mwenye nia njema atangoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni sehemu gani mgeni angeziita tupu? Nani huzitumia, na miezi gani?
2. Tukiombwa hekta 85 leo, tutaweka masharti gani matatu kwa maandishi?
3. Tufanye nini ili akina mama na vijana wasikose mkutano huo?