Mhakiki Anapohakikiwa

Wiki nzima hosteli tumebishana: gemu ikiwa fupi, hiyo ni kasoro? Mimi naileta Gunpoint, ya mwaka 2013.

Tom Francis alikuwa mwandishi wa jarida la PC Gamer huko Uingereza, kazi yake kuhakiki gemu za wenzake. Hii yake aliitengeneza muda wa ziada, kwa GameMaker, programu ya bei ya kawaida tu. Unacheza kama Conway, mpelelezi wa kukodiwa anayenyemelea majengo ya kampuni usiku wa mvua. Utamu uko kwenye nyaya. Unaunganisha swichi ya taa na mlango, unazima taa, mlinzi anakwenda kuiwasha, na kwa mkono wake mwenyewe anakufungulia mlango. Nilicheka peke yangu kama mwehu!

Wahakiki waliisifu kwa hilo, na kwa mazungumzo yake ya kejeli. Lalamiko likawa kwamba saa tatu hivi zinatosha kuimaliza. Hapa tuwe makini, hata tunapohakiki riwaya za darasani. "Fupi" ni kipimo, bado si hoja. Hoja ni kuonyesha nini kimeachwa njiani. Na kipo: vifaa vinaungana kwa rangi ya nyaya zake, na rangi nyingine sharti kwanza ulifikie boksi lake. Mafumbo ndiyo kwanza yanakolea hapo, mara gemu imekwisha. Mhakiki aliyeniambia hivyo kanishinda. Aliyehesabu saa tu, bado tunabishana.