Nendeni Maktabani na Swali Moja

Sisi tuko Kawangware, upande wa magharibi wa Nairobi. Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya maktaba ya umma, na vile inavyoweza kumsaidia mtu aliyejiajiri au kikundi kinachotafuta riziki kwa kazi ya mikono. Tunajua wengine mtasema, "Maktaba ni ya wanafunzi wanaongoja mtihani." Hata sisi tulisema hivyo hivyo. Basi tutaanza na hasara yetu wenyewe.

Kikundi chetu hutengeneza sabuni ya miche ya kufulia. Tulianza na mafuta ya nazi, kwa kipimo tulichonakili kwa rafiki: kilo moja ya mafuta, gramu 183 za kostiki soda. Sabuni ilikuwa nzuri. Halafu bei ya mafuta ya nazi ikapanda, wee, tukashindwa. Mwenzetu mmoja akasema Dagoretti kuna vichinjio, na mafuta ya ng'ombe hupatikana huko kwa bei rahisi. Tukayanunua, tukayayeyusha, tukayachuja vizuri, tukatia soda kwa kipimo kile kile cha zamani.

Wateja wetu wengi ni akina mama wanaotoka Kawangware asubuhi kwenda kufua nguo katika nyumba za watu kule Lavington. Siku ya tatu wakarudi wanne, mikono imechubuka, mmoja hawezi kukunja vidole. Mama anayefua kwa kibarua akiharibika mikono, siku hiyo watoto wanalala njaa. Tuliwarudishia pesa zao na sabuni yote iliyobaki tukaitupa. Zile zilikuwa pesa za mzunguko wa kikundi, tulizochanga kwa miezi mingi. Mkutano uliofuata karibu uwe wa kuvunja chama.

Ndipo mzee mmoja akauliza, "Lakini mmewahi kusoma mahali popote kazi hii inavyofanywa?" Tukanyamaza. Kuna aliyesema tutafute kwenye simu. Tukatafuta, bando likaisha, na tulichopata ni watu wakionyesha vikombe na vijiko bila kutaja uzito. Kila mmoja na lake.

Tukatuma watu wawili maktabani mjini. Safari ya kwanza haikuzaa kitu, na kosa lilikuwa letu. Mhudumu aliwauliza vizuri, "Mnataka nini hasa?" Wakajibu, "Vitabu vya biashara." Akawaonyesha rafu nzima ya uhasibu na usimamizi wa kampuni. Wakakaa hadi jioni wakifungua kurasa, wakarudi na usingizi.

Safari ya pili tuliandika swali kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani: *Je, mafuta ya ng'ombe yanahitaji soda kiasi gani kwa kilo moja?* Mhudumu alisoma, akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akarudi na kitabu. Kilikuwa cha Kiingereza, lakini tulikuwa tumemtuma pia msichana wetu aliyemaliza Fomu Foo. Humo mlikuwa na jedwali, na jedwali lile ndilo lililookoa chama. Kumbe kila mafuta yana kipimo chake! Nazi ni karibu gramu 183 kwa kilo, mafuta ya ng'ombe karibu 140, mawese karibu 141, alizeti karibu 135. Sisi tulikuwa tumezidisha gramu 43 katika kila kilo. Katika kilo kumi, hiyo ni gramu 430 za soda isiyo na kazi ila kula ngozi za watu.

Kitabu kilieleza zaidi ya tulilouliza. Watengenezaji hupunguza soda kama asilimia 5 chini ya jedwali ili isibaki hata kidogo. Kwa hiyo 140 huwa 133. Soda hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, maana huchemka ghafla na kuruka machoni. Na zile sufuria zetu za alumini hazifai hata kidogo, kwa sababu soda huzila na kutoa hewa inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu, vaa glavu, funika macho. Sabuni ikishakatwa, iache ikauke kama wiki nne kabla ya kuuza. Sisi tulikuwa tukiuza baada ya siku tano! Tulinunua mizani kabla ya kununua mafuta mengine.

Sasa, mtajuaje rafu ya kwenda? Maktaba nyingi za umma hapa kwetu hupanga vitabu kwa namba alizobuni Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Namba hubandikwa kwenye mgongo wa kitabu. Kilimo ni 630, na ndani yake mifugo ni 636, kuku wakiwa 636.5, na nyuki 638. Mapishi ni 641.5, ushonaji 646, kuhifadhi na kusindika vyakula 664, sabuni 668, useremala 684 na 694. Kuweka hesabu ni 657, na sheria huanza 340. Nakilini namba ya kazi yenu katika daftari la kikundi. Ila msione haya kumuuliza mhudumu. Ndiyo kazi yake, na hakuna atakayewacheka.

Haya ya kuona haya tunayasema kwa sababu. Katikati ya Nairobi, Banda Street, karibu na Msikiti wa Jamia, kuna Maktaba ya McMillan, yenye nguzo kubwa na simba wa mawe mlangoni. Lady McMillan aliijenga kwa ukumbusho wa mumewe, yule aliyezikwa Ol Donyo Sabuk, ikafunguliwa mwaka 1931. Hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Mwaka 1962 baraza la jiji likaichukua. Kwa hiyo babu zetu waliopita nje ya mlango ule wakibeba mizigo walizuiwa na sheria. Sisi leo hujizuia wenyewe kwa kuona viatu vyetu vina vumbi.

Maktaba ya Taifa nayo iko Upper Hill, karibu na Community. Shirika lake liliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965, na kwa miaka mingi lilisambaza maktaba mikoani, kwa hiyo ninyi mlio mbali na Nairobi ulizeni kwanza katika mji wenu wa karibu. Huko Garissa na Wajir vitabu vilianza kupelekwa kwa wafugaji juu ya ngamia mwaka 1996. Kama ngamia alifika, na ninyi mtafika. Lakini ulizeni kabla ya kulipa nauli: siku na saa za kufungua, na ada ya kuingia kama ipo.

Pia msisahau magazeti. Yanasomwa humo bila kununua, na ndimo matangazo ya zabuni hutoka. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini asiyeona tangazo hawezi kuomba. Kikundi ambacho hakijasajiliwa kisome Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kijue kinachotakiwa kabla ya kumlipa mtu wa kati.

Lazima tuseme kweli: kitabu hakimalizi yote. Kitabu hakikupi alama ya ubora ya Shirika la Viwango, ambayo wenye maduka huiulizia. Wala hakijui udongo wa shamba lako. Huo upelekwe kupimwa kwenye maabara, kama ile ya utafiti wa kilimo Kabete. Na kitabu cha nchi baridi kinaweza kukupotosha juu ya kuku wa Uthiru. Angalieni kilichapishwa lini na wapi, na ikiwezekana mlinganishe viwili.

Sisi tumeweka utaratibu. Wanakwenda wawili, anayejua kazi na anayejua kusoma Kiingereza. Wananakili jibu pamoja na jina la kitabu na namba yake. Wakirudi wanasoma mbele ya kikundi kizima, kisha tunajaribu kwa kilo moja tu. Wale akina mama wanne tuliwapelekea sabuni mpya bure. Watatu wamerudi kununua.

Mkutanapo, zungumzeni haya: Ni kitu gani katika kazi yenu mnakifanya kwa kukisia? Kiandikeni kama swali moja. Maktaba ya karibu iko wapi, na nauli ya watu wawili ni shilingi ngapi? Na daftari litakaa kwa nani?