Mafunzo Niliyopata kwa Kulima Bustani ya Zama za Kati

Kusini mwa Ujerumani, mimi na majirani zangu tunalima kiwanja kidogo kwa mtindo wa bustani za watawa wa kale. Haya ndiyo niliyojifunza humo.

1. Anza na mchoro wa zama zenyewe. Sisi tulichagua ramani ya monasteri iitwayo Ramani ya Sankt Gallen, iliyochorwa kwenye kisiwa cha Reichenau miaka ya 820 hivi na ambayo bado inahifadhiwa Uswisi. Bustani yake ya mboga ina matuta 18. Ile ya dawa, jirani na nyumba ya tabibu, ina 16. Kila tuta limeandikwa jina la mmea wake. Tulipofuata mpango huo wa tuta moja kwa mmea mmoja, palizi ilirahisika mno: kisichofanana na wenzake ni gugu, king'oe. Waridi na yungiyungi zimo miongoni mwa dawa, na miti ya matunda imepangwa katikati ya makaburi ya watawa. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote: kila mmea ulikuwa na kazi yake, hata ule tunaoupanda leo kwa kuutazama tu.

2. Kubali kukosa vingi. Nyanya, viazi, mahindi na pilipili kali vilitoka Amerika baada ya 1492, kwa hiyo havina nafasi. Hata maharage tuliyoyazoea hayamo. Ulaya ya wakati ule ilijua kunde, zao la Afrika. Lakini mpishi wa pwani hatakuwa mgeni hapa, kwani matuta ya dawa yana uwatu, jira, nanaa na shamari.

3. Nanaa izuie. Tunaipanda ndani ya ndoo iliyotobolewa kitako na kufukiwa ardhini, la sivyo mizizi yake huvamia matuta ya jirani.

4. Fito za mwerebi zikaushwe kwanza. Ua wa fito zilizosukwa hupendeza na huzuia upepo, ila mwerebi mbichi ukichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi na kuwa mti. Hata zikiwa kavu, fito huoza. Panga mapema kuzibadilisha.

5. Msome Walahfrid Strabo. Abate huyu wa Reichenau, aliyefariki 849, aliacha shairi la Kilatini kuhusu bustani yake. Anaeleza magugu yanayowasha yaliyotanda uwanjani, vichuguu vya fuko, mbao alizozungushia matuta ili udongo usiporomoke, na maji aliyoyanyunyiza kwa viganja ili mbegu zisisombwe. Mimi pia hunyunyiza kwa viganja pale mbegu ndogo zinapokuwa bado hazijaota. Kazi huenda polepole, lakini miche huota kwa mistari iliyonyooka, haikusanyiki pembeni.

6. Kiti cha nyasi kinahitaji uangalizi. Mwanazuoni Albertus Magnus, katika karne ya 13, alishauri ardhi ya uwanja wa nyasi ing'olewe mizizi yote na kumwagiwa maji ya moto ili mbegu za magugu zife, na pembeni kiwekwe kiti kilichofunikwa nyasi. Chetu kiko juu, hivyo hukauka upesi kuliko tuta lolote. Wakati wa joto tunakimwagilia kila jioni, na nyasi zake tunazikata kwa mkasi.