Macho ya Isaka na Macho ya Yakobo

Isaka alikuwa mzee sana, na macho yake hayakuona tena. Akamwita Esau, mwana wake wa kwanza, aende kuwinda na kumpikia nyama, kisha apate baraka. Rebeka akasikia. Yeye alimpenda zaidi Yakobo, mdogo wake Esau. Akamvika Yakobo nguo za kaka yake, akamfunga ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, maana Esau alikuwa mtu wa manyoya mengi. Isaka akasikia sauti ya Yakobo, akashuku. Akampapasa mikono: manyoya! Basi akambariki. Masikio yalimwambia kweli, lakini yeye aliamini vidole.

Miaka mingi ikapita. Yakobo naye akazeeka huko Misri, macho yake yakawa mazito. Yosefu akamletea wanawe wawili, Manase mkubwa na Efraimu mdogo. Mkubwa akamweka upande wa mkono wa kuume wa babu yake. Lakini Yakobo akapishanisha mikono, wa kuume juu ya mdogo. Yosefu, mwenye macho mazima, akadhani baba amekosea kwa kuwa haoni. Akaushika mkono ule auondoe. Mzee akakataa. Alijua alilolifanya.

Tazameni, watoto: kipofu mmoja alidanganywa, mwingine hakudanganywa. Hadithi hizi hazisemi kipofu ni mjinga, wala hazisemi kila kipofu ana akili za ajabu. Zinamwangalia zaidi yule aonaye: afanya nini mbele ya asiyeona? Yakobo aliyemdanganya baba kwa ngozi za mbuzi, baadaye wanawe walimdanganya kwa damu ya mbuzi katika kanzu ya Yosefu. Tena sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi, ilikataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu.

Sheria hiyo yafaa hata Kasongo na Kabambare. Katika Maniema, penye mito ya maji ya mbio, huzaliwa inzi wadogo weusi. Wakiuma watu mara nyingi huwatia minyoo midogo sana, nayo hufika machoni. Wengine husema mzee amerogwa. Sivyo, ni inzi. Tangu mwaka 1987 vidonge vya ugonjwa huu hutolewa bure. Vinamezwa kila mwaka, kwa miaka mingi. Vinazuia upofu, lakini macho yaliyokwisha kufa havifufui.

Basi babu huenda sokoni, mjukuu ameshika ncha ya fimbo. Babu akiuza mihogo yake, mjukuu ndiye anayehesabu feza.

Maswali: Kwa nini Isaka alishuku? Yosefu alikosea wapi? Mjukuu yule anafanana na nani?