Kubadilisha Injini ya Gari: Chunguza Kwanza Vishikizo Vyake

Mwenye gari anapoambiwa kwamba injini yake imekufa, jambo la kwanza analouliza ni bei ya injini nyingine. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, katika somo hili tunakuomba uliweke kando kwa muda, uulize jingine ambalo walaji wengi hulisahau: injini hiyo itakaa juu ya nini, na itashikwa na nini?

Tunachukua mfano wa Mkoa wa Songwe. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 900, huishia Tunduma, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde nchini Zambia. Kandokando ya barabara hiyo, Mlowo, Vwawa na kwingineko, pikapu za umri mkubwa bado zinabeba kahawa na mahindi ya Mbozi. Injini ya petroli ya gari la namna hiyo ikichoka, mwenyewe hushawishika kutia ya dizeli, iliyo imara zaidi na inayotumia mafuta kidogo. Tatizo ni kwamba injini ya aina nyingine haikai mahali ilipokaa ile ya kwanza. Hapo ndipo fundi wa kuchomelea anapoitwa.

Injini hushikwa, kwa kawaida, mahali patatu: kulia, kushoto, na chini ya giaboksi. Vishikizo hivyo, ambavyo mafundi wengi huviita mauntingi, vina sehemu ya chuma iliyofungwa kwenye chasisi na sehemu ya mpira inayomeza mtikisiko. Kazi yake si kubeba uzito tu. Gari linapoondoka kwa gia ya kwanza, giaboksi ya pikapu huzidisha nguvu ya mzunguko wa injini kama mara nne, na nguvu hiyo hiyo huisukuma injini yenyewe ijipindue upande wa pili. Vishikizo ndivyo vinavyoizuia. Pakia magunia kumi ya mahindi ya kilo mia moja moja, yaani tani nzima, kisha uupande mlima Senjele, nawe utaelewa ni mzigo gani unaobebwa na mshono usiozidi urefu wa kiganja.

Mshono huo ukiachia, injini huinama. Feni hukata rejeta; hilo ndilo dogo. Waya wa mafuta unaweza kuvutwa, gari likaendelea kukimbia ilhali dereva ameinua mguu. Mpira unaopeleka nguvu ya kusaidia breki unaweza kuchomoka, na breki zikawa ngumu kama jiwe. Haya yakitokea mteremkoni, hakuna muda wa kutafakari bei uliyopunguziwa gereji.

Basi kazi njema hufanywaje? Kwanza, fundi mwangalifu hutafuta njia ya kutochomelea kabisa. Kwa mfano, Toyota Hilux za miaka ya tisini zilitengenezwa kiwandani kwa injini za petroli na za dizeli pia. Anayetaka kutia injini ya 3L, dizeli ya sentimita za ujazo 2,779, badala ya 2Y ya petroli, aulize kwanza kama vishikizo vya kiwandani vya toleo la dizeli vinapatikana katika gari lililokatwa vipuri. Kishikizo cha kiwandani kilichofungwa kwa bolti kinaaminika kuliko kilichobuniwa gereji, na kikiharibika kinaweza kufunguliwa. Ukimuuliza fundi jambo hili akacheka, huna budi kutafuta fundi mwingine.

Ikiwa lazima kuchomelea, mpangilio wa kazi ndio unaomtambulisha fundi. Gari lisimame kwa magurudumu yake juu ya sakafu iliyo sawa, si juu ya jeki, ili springi zibebe uzito wake wa kawaida. Injini ining'inizwe ikiwa imeunganishwa na giaboksi yake, kisha ipimwe kwa subira: umbali kati ya feni na rejeta, nafasi kati ya karai la oili na ekseli ya mbele, njia ya mhimili wa usukani, bomba la moshi lisipite karibu na mabomba ya breki au ya mafuta. Propela nayo itazamwe, maana pembe yake ikikosewa, viungo vyake huliwa haraka na gari hutetemeka likishika kasi. Baada ya hapo ndipo mabamba yashikizwe kwa vitone vichache tu vya moto. Injini itolewe, na mshono kamili upigwe pasipo injini wala mipira yake, kwa kuwa moto huo huunguza mpira, na kipya kikawa kizee kabla hakijatumika. Tumeona ni vema kulisisitiza hili kwa sababu ndilo linalorukwa mara nyingi pale mteja anapoharakisha.

Chuma cha chasisi kisafishwe kwa grainda mpaka king'ae. Mshono juu ya kutu na rangi ni pambo tu. Unene wa bamba ukaribiane na wa chasisi, kwani bamba nene mno juu ya chuma chembamba huhamishia mpasuko pembeni mwa mshono. Mshono usiikatize chasisi kwa mstari mmoja wa wima, wala usipigwe kwenye kingo zake za juu na chini, ambako chasisi hubeba nguvu kubwa zaidi. Bamba lenye kona za mviringo, lililopanuka kufuata urefu wa chasisi, hutawanya mzigo. Rodi za kuchomelea nazo ziwe kavu. Zile zilizoandikwa 7018 hutoa mshono imara, lakini zikinyonya unyevu hupoteza faida yake. Na Songwe, ambako mvua huanza Novemba hadi Aprili, pakiti iliyoachwa wazi pembeni mwa gereji si ya kuaminiwa.

Kabla ya moto kuwashwa, betri ifunguliwe, na plagi za oltaneta na za kompyuta ya gari, kama ipo, zichomolewe. Kibanio cha waya wa ethi kifungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, kisifungwe kwenye injini wala giaboksi, maana umeme ukipita katika beringi huzidonoa. Tangi na mabomba ya mafuta yaondolewe au yakingwe, na kizima moto kiwe karibu.

Mwenye lori awe mwangalifu zaidi. Chasisi za baadhi ya malori zimetengenezwa kwa chuma kilichoimarishwa kwa joto maalumu, na moto wa kuchomelea hukilegeza mahali hapo. Nyingine zimebandikwa onyo la kutochomelea. Onyo hilo lifuatwe: kazi ifanywe kwa bolti. Magari madogo yasiyo na chasisi ya kujitegemea, ambayo bodi yake ndiyo inayobeba kila kitu, hayafai kabisa kuchomelewa vishikizo vya kubuni kwenye mabati yake.

Jambo jingine halihusu vishikizo, lakini hatuwezi kulinyamazia. Breki nyingi za magari ya petroli husaidiwa na nguvu ya kufyonza hewa inayotoka kwenye injini. Injini ya dizeli haitoi nguvu hiyo yenyewe. Huhitaji pampu, ambayo katika dizeli nyingi za Toyota imeungwa kwenye oltaneta. Anayenunua injini ya dizeli bila pampu hiyo, au akaiacha bila kuunganishwa, amenunua gari lisilosimama. Uliza pampu iko wapi kabla hujalipa.

Mwambie fundi mapema kwamba utautazama mshono kabla haujapakwa rangi, na liandikwe katika makubaliano. Huhitaji kuwa mtaalamu. Mshono mzuri una mawimbi yanayolingana. Mbaya una vitundu, vidonge vilivyokaa juu juu, au mfereji uliochimbika pembeni. Gari likishakuwa tayari, dereva aliyeshika breki barabara aweke gia na kuachia klachi kidogo kidogo, huku wewe ukitazama injini kutoka ubavuni, kamwe si mbele ya gari. Injini itatikisika kidogo. Ikiinuka waziwazi, usilipokee gari. Zuia sehemu ya malipo mpaka utakapoliendesha likiwa na mzigo, kisha urudi na kukagua mishono ile ile baada ya wiki moja au mbili.

Zimebaki karatasi. Kadi ya usajili wa gari huonyesha namba ya injini, namba ya chasisi, ujazo wa injini na aina ya mafuta. Ukibadili injini, kadi husema uongo mpaka utakapotoa taarifa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania na gari kukaguliwa na polisi. Anayevuka kwenda Nakonde na kadi isiyolingana na injini hujitafutia usumbufu mpakani, na bima yake huweza kubishaniwa siku ya ajali. Kwa hiyo, unaponunua injini ya mtumba, dai risiti yenye namba ya injini hiyo, na uilinganishe na namba iliyogongwa kwenye chuma ukiwa bado dukani. Muuzaji asiyetaka kuiandika namba hiyo, acha injini yake. Fundi naye akupe risiti inayotaja kazi aliyoifanya, si neno “matengenezo” peke yake. Kwa karatasi hiyo, mlaji aliyefanyiwa kazi mbovu anaweza kulalamika mbele ya Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, au kudai haki yake mahakamani.