Tamari Alilia, Nyumba Ikamnyamazisha

Andiko: 2 Samweli 13:1-22. Isome yote kabla ya kuendelea.

Habari ya ubakaji ikisikika mtaani, swali la kwanza huwa lile lile: mbona hakusema siku hiyo hiyo? Watu huuliza kana kwamba kukaa kimya ni dalili ya uongo. Ndio maana nataka tumwangalie Tamari, kwa sababu yeye alisema.

Alimkatalia Amnoni wazi, tena akampa sababu. Baadaye alijitia majivu kichwani, akairarua kanzu yake, akaenda njiani akilia kwa sauti. Hakuna ripoti ya wazi kuliko hiyo. Akapata jibu gani? Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, alimwambia anyamaze kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu. Mfalme Daudi alisikia yote, akakasirika sana. Basi. Hatusomi hatua yoyote aliyochukua. Na usipite mstari wa 7 haraka: Daudi mwenyewe ndiye aliyemtuma Tamari akampikie Amnoni. Mimi naona kufungua kesi hiyo kungemlazimu mfalme naye ajibu maswali.

Wasichana wangapi wa Yerusalemu walitazama hayo, kisha wakaamua yao hawatayasema kamwe?

Katika Luka 14:28 Yesu anazungumzia mtu anayeketi kupiga hesabu kabla ya kujenga mnara. Mimi nilisomea biashara, na ninaamini wengi wanaonyamaza si waongo wala wajinga. Wamepiga hesabu. Msichana anaishi kwa mjomba anayemlipia karo, na mjomba ndiye anayeingia chumbani usiku. Akisema, karo imekwisha, kitanda kimekwisha, na shangazi atamwita mharibifu wa ndoa. Msaidizi wa nyumbani akisema, atatolewa nje na begi lake usiku huo huo. Kijana wa kiume ataulizwa, wewe ni mwanamume wa aina gani? Huyo hunyamaza hata zaidi.

Na mtenda akiwa kiongozi wa maombi, manusura huambiwa asimguse mtiwa mafuta wa Bwana. Wapendwa, Daudi alipokataa kumgusa mtiwa mafuta, alikuwa anakataa kumuua Sauli pangoni (1 Samweli 24). Maneno hayo hayakuandikwa kumfichia mtu ubakaji.

Wengine husema, mbona hakupiga kelele? Hofu hugandisha mwili. Mtu anaweza kushindwa kuinua mkono au kutoa sauti, na baadaye akakumbuka mambo vipande vipande. Soma pia Kumbukumbu la Torati 22:25-27: msichana aliyekamatwa shambani, bila shahidi yeyote, anahesabiwa hana kosa. Sheria ya Kenya nayo haikatai. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama, katika kesi ya dhuluma za kingono, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa manusura peke yake, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli na kuandika sababu zake. Kwa hiyo "hakuna aliyeona" si mwisho wa kesi.

Hofu ya polisi nayo ina msingi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana walionajisiwa kwa kukosa kuchunguza malalamiko yao ipasavyo. Hata Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilikuja na kifungu cha 38, kilichotishia adhabu kwa mlalamishi ambaye madai yake yangeonekana ya uongo. Kilifutwa 2012, lakini hofu haifutwi na Bunge.

Halafu kuna kumaliza mambo kinyumbani: wazee wanakaa, mbuzi wanatajwa, baba anapokea pesa. Kaskazini mashariki huitwa maslaha. Chini ya kifungu cha 40 cha sheria hiyo ya 2006, kusimamisha kesi si uamuzi wa familia. Wala si wa mchungaji. Kumsamehe mtu ni jambo kati ya manusura na Mungu, kwa wakati wake. Hakufuti kosa la jinai, na hatuwezi kumdai msamaha wiki ileile ili kanisa lipumue.

Viongozi wa seli, mtu akija kwenu, mwamini kwanza, acha maswali ya nguo na saa. Asioge, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Mpeleke hospitali mara moja: dawa za PEP za kuzuia HIV huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Matibabu hayasubiri ripoti ya polisi. Fomu ya P3 inaweza kufuata. Na hata akija baada ya miaka mitano, bado asikizwe. Simu ya bure ni 1195, na 116 kwa watoto. Tafadhali usimpeleke kukutanishwa na mtenda "mpatanishwe".

Swali la seli wiki hii: katika nyumba ya Daudi, Tamari angemwendea nani? Na katika kanisa letu, ni nani? Tajeni mtu kwa jina, tena awe ni mama, na mumuulize kama yuko tayari. Wiki ijayo tutaanza mstari wa 23, uone miaka miwili ya ukimya ilivyomzalia Absalomu mauaji.