SOMO LA 24: MARA YA TATU

Mwaka 1965 timu ya Ghana iliifunga Kongo mabao 5 kwa 2. Mwaka 1968 zilikutana tena huko Asmara. Kongo ikashindwa tena, 2 kwa 1. Wapenzi wa mpira wakahuzunika.

Siku ya Mungu, tarehe 21 Januari, zikakutana mara ya tatu. Kalala akafunga bao moja, Ghana haikurudisha. Kombe la Afrika likaja Kongo!

Watu wakashangilia. Hata Bukavu, mji uliotoka vitani Novemba 1967, wenye nyumba nyingi zilizobomoka, ulipata neno la kufurahia.

Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Maulizo
1. Ghana ilikuwa imeshinda mara ngapi?
2. Bukavu ilikuwa imepatwa na nini?